Msiba wa Kufungulia Faili

Hadithi hii haikutokea kwetu. Kwetu mambo kama haya hayatokei, na yakitokea hutangazwa siku hiyo hiyo kwamba hayakutokea. Ilitokea katika nchi nyingine kabisa, nchi yenye bendera, wimbo na foleni, ambayo jina lake siwezi kulitaja kwa sababu nalo lilikuja kuwekwa siri kwa tangazo la serikali, pamoja na jina la mto wake mkubwa na umri wa mke mdogo wa Spika.

Chanzo cha yote ni kiti.

Mheshimiwa Ligunda Mapembe, ambaye siku hizo alikuwa Waziri wa Mifugo Midogo, alikwenda hospitali kuu kwa shida ambayo mtu mzima huieleza akiwa ameangalia dirishani. Karani akaiandika kwenye kompyuta: bawasiri. Sasa yule karani alikuwa mtu wa watu. Alimwambia mwenzake mmoja tu, tena kwa kunong'ona. Mwenzake naye akamwambia mmoja tu. Kwa mwendo huo wa mmoja mmoja, Mheshimiwa alipoingia bungeni saa nne asubuhi alikuta kiti chake kimewekewa mto. Mto wa sufi, wenye maua, pindo limetiwa lesi. Mbunge mmoja akasimama kwa kufuata kanuni zote na kuuliza kama Mheshimiwa angependa kujibu swali la nyongeza akiwa amekaa au amesimama. Mchana alipopita sokoni, wauza nyanya walimpisha njia. "Taratibu, Mheshimiwa," wakamwambia. "Taratibu, baba, usijikaze."

"Taifa limevuliwa nguo," alisema siku ile redioni, akiwa amesimama.

Wiki mbili baadaye ilipitishwa Sheria ya Kusitiri Mwili, ikaundwa Wizara ya Siri za Mwili na Mambo Yanayofanana na Hayo, na waziri wake akawa yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye pekee mwenye uzoefu.

*

Kazi ilianza mara moja. Habari zote za wagonjwa ziliingizwa kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa kama zilivyoandikwa, na faili za karatasi zikachomwa moto katika uwanja wa taifa mbele ya gwaride na bendi. Kisha kompyuta zenyewe zikasitiriwa. Katika nchi ile, kama ilivyo kwa watu wote waliolelewa, kitu cha thamani hufunikwa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, jagi la maji. Wizara ikaagiza vitambaa elfu kumi na mbili. Wakaguzi wakazunguka mikoani na futi kupima kama pindo linafika panapotakiwa, na hospitali moja ya wilaya ikapewa ngao kwa sababu kitambaa chake kilifunika kompyuta, meza, na mhudumu.

Baada ya hapo wataalamu wakaulizwa siri za wagonjwa huvujia wapi hasa. Wakatafiti kwa miezi sita. Wakagundua kwamba katika kila siri mia, tisini na nne zilitolewa na wagonjwa wenyewe, ambao wana tabia ya kuwaambia majirani wanaumwa wapi. Basi mgonjwa akawa mtu wa kwanza kukatazwa kuiona faili yake. Kundi la pili kwa kuchungulia faili lilikuwa madaktari. Nao wakawekewa utaratibu: daktari anayetaka kujua mgonjwa wake aliwahi kuumwa nini anaandika barua Wizarani, na anajibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi.

Likabaki neno la siri. Kila mwananchi alitakiwa awe na neno lake la kufungulia faili. Lakini binadamu husahau, na serikali ilikuwa inawajua watu wake. Kwa hiyo sheria ikasema kila neno la siri lijadiliwe na mkutano wa nyumba kumi, lipigiwe kura, liandikwe kwenye muhtasari, na nakala ibandikwe mlangoni kwa mjumbe.

Mtaa wa Magengeni ulifanya mkutano wake siku ya Jumapili, na watu walijaa mpaka juu ya kuta. Hakuna aliyetaka kukosa siri za wenzake. Mjumbe, Mzee Likwata, aliita majina kwa mpangilio wa nyumba, na ilipofika zamu ya Somoe, fundi cherehani, mke wa Chande mtengeneza majokofu, akasimama na kusema kwa sauti ndogo:

"Neno langu ni zambarau."

"Kuna hoja?" akauliza mjumbe.

"Ipo," akasema Bi Kidawa.

Bi Kidawa huyu alikuwa mwanamke mpana, mwenye baraza ambayo haijawahi kuwa tupu tangu ijengwe. Habari zilimfikia kabla hazijatokea. Mtu akitaka kujua kama mume wake yuko safarini kweli, alipitia kwa Bi Kidawa kwanza, ndipo akapiga simu.

"Somoe hapendi zambarau," akasema Bi Kidawa. "Atalisahau kesho. Aweke kachumbari. Ndicho anachokula kila siku."

"Nakula kwako, Bi Kidawa?"

"Huli kwangu, mwanangu, lakini maganda ya vitunguu nayaona."

Watu wakacheka. Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono: kachumbari thelathini na moja, zambarau nne, na kura moja ikaharibika kwa sababu mpigaji alinyoosha mkono kuomba maji. Mwisho wa mkutano wote wakala kiapo cha kutomwambia mtu yeyote. Na kwa kuwa waliokula kiapo ni mtaa mzima, hakubaki hata mmoja wa kuambiwa, na huo, kwa mujibu wa Wizara, ndio usalama wenyewe.

*

Mambo yalikwenda hivyo, kila mtu akiumwa kwa siri, mpaka Jumanne moja asubuhi Somoe alipokuwa anapiga pindo la gauni la bibi harusi. Tumbo likamkamata. Akajikunja juu ya cherehani, na gauni likashonwa mpaka mahali pasipotakiwa kushonwa.

Alifikishwa hospitali akiwa na Chande, Bi Kidawa, Mzee Likwata, na watu wengine kumi na wanane, maana Magengeni mgonjwa haendi hospitali peke yake kama anakwenda kuiba.

Daktari alikuwa binti mmoja mwembamba, Daktari Nyanzala, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu aajiriwe. Alimbonyeza Somoe tumbo, akasikiliza.

"Utumbo umejisokota," akasema. "Lazima nimpasue. Kesho alasiri ndiyo mwisho. Amewahi kupasuliwa?"

"Mara moja," akasema Somoe mwenyewe, jasho likimtoka. "Miaka tisa iliyopita. Walinichoma sindano ya usingizi, moyo ukasimama. Wakanirudisha kwa kunipiga kifua. Daktari akaniambia ile dawa nisichomwe tena maisha yangu yote."

"Dawa gani?"

"Aliiandika kwenye faili."

"Na huyo daktari yuko wapi?"

"Alikwenda ng'ambo kwa kozi ya miezi mitatu," akasema Bi Kidawa. "Miaka minane sasa."

Daktari Nyanzala akavuta kabati. "Hospitali nzima nina dawa mbili za usingizi. Hii ya kifuniko cha buluu na hii ya kifuniko chekundu. Moja ndiyo ile. Nikikisia vibaya..."

"Tunajua, mama," akasema Bi Kidawa. "Usimalizie."

Wakaenda wote kwenye chumba cha kompyuta, Somoe akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliyekuwa zamu ni Bwana Tindwa, Afisa Msitiri Daraja la Pili, mwenye kalamu tatu mfukoni na miaka ishirini ya ukarani wa faili za karatasi. Karatasi zilikuwa zimechomwa lakini mazoea hayachomwi: mpaka leo Bwana Tindwa hakuweza kufungua ukurasa mwingine wa kompyuta bila kwanza kulamba kidole gumba. Alikiondoa kitambaa cha kufuma, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani.

"Neno la siri?"

"Kachumbari," wakajibu watu ishirini na wawili kwa pamoja.

"Limekubali."

Kioo kikawaka na kuandika: WEWE NI MGONJWA?

"Ndiyo," akasema Somoe. Bwana Tindwa akabonyeza. HURUHUSIWI. UGUA POLE.

WEWE NI DAKTARI?

"Ndiyo," akasema Daktari Nyanzala. SUBIRI SIKU 21 ZA KAZI.

"Ana siku moja," akasema daktari.

"Moja imo ndani ya ishirini na moja," akasema Bwana Tindwa kwa upole. "Zitabaki ishirini."

Kikaandika swali la tatu: MGONJWA AMEFARIKI?

Mzee Likwata, aliyekuwa amesimama karibu, akanyoosha mkono na kubonyeza ndiyo kabla mtu hajamzuia. Kioo kikang'aa kama kimefurahi. KARIBU. SERIKALI INATOA MKONO WA RAMBIRAMBI. FAILI YOTE ITASOMWA MSIBANI.

Bwana Tindwa akasimama, akaweka mkono kifuani, akakariri Kifungu cha Arobaini na Moja. Marehemu hana siri. Na kwa kuwa katika nchi ile kila akifa mtu watu huulizana nani kamroga, serikali, kwa nia ya kulinda amani ya mitaa, imeagiza faili ya marehemu isomwe yote kwenye wasifu wake, kwa kipaza sauti, mbele ya waombolezaji wasiopungua mia moja, bila kuruka ukurasa, bila kusimama, na bila kurudia.

"Lakini si huyu hapa?" akasema Chande. "Anaugulia, unamsikia."

Bwana Tindwa akageuza uso ukutani. "Ndugu yangu, kumwangalia mtu kama yu hai au amekufa ni kuingilia faragha yake. Sheria imenikataza. Mimi naangalia turubai, naangalia waombolezaji, naangalia sufuria jikoni. Vikiwepo, kuna msiba. Visipokuwepo, hajafa mtu."

Nje ya chumba, watu wa Magengeni walikuwa wameshaanza kugawana kazi za mazishi. Huyu turubai, yule viti, wale kuni. Msiba ni jambo walilolijua vizuri kuliko hospitali.

*

Aliyekataa ni Somoe.

"Sitaki," akasema, akiwa ameshalazwa kitandani, uso umeelekea ukutani. "Nitakufa kweli, mnizike kweli."

Chande akambembeleza mpaka maneno yakamwishia, akatoka nje kukaa kwenye ngazi. Daktari akamweleza habari za utumbo kwa jinsi zinavyotisha, naye akatoka. Akabaki Bi Kidawa, amekaa kwenye stuli iliyokuwa inalia chini yake.

"Waogopa nini, mwanangu? Watu wakisikia uliumwa surua?"

Somoe akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ukurasa wa nne ndio wenye dawa," akasema. "Nilimwona yule daktari akiandika. Wa tatu ndio wenye jambo langu."

"Jambo lipi?"

"Ningetaka ulijue ningekwambia mwaka ule ule."

"Chande analijua?"

"Hakuna anayelijua. Daktari yule alilijua, akaenda nalo ng'ambo. Mimi nimeishi nalo miaka tisa, Bi Kidawa, nikishona nguo za watu. Likisomwa kwenye kipaza sauti, hata nikipona sina pa kukaa. Magengeni sina, kwa mama sina."

Bi Kidawa akatoka kwenda kumtafuta Bwana Tindwa, akamuuliza kama ukurasa mmoja unaweza kurukwa, mdogo tu, kwa ubinadamu. Bwana Tindwa akasema ukurasa ukirukwa watu watajua mchawi ndipo alipo, na mtaa utachomana moto. Bi Kidawa akarudi, akakaa tena kwenye stuli.

"Mrefu, huo wa tatu?"

"Sijui. Yule daktari alikuwa na mwandiko mkubwa."

"Haya. Basi huo mmoja niachie mimi."

Somoe akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wewe, Bi Kidawa? Kwa mdomo huo?"

"Mdomo huu huu. Ndio nilionao."

"Na masikio je?"

Hilo Bi Kidawa alikuwa hajalifikiria. Alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuwa karibu na jambo lisilomhusu akaliacha lipite.

"Na masikio," akasema mwishowe, kama mtu anayeahidi kutoa figo.

*

Msiba ulifana. Turubai lilifika saa mbili asubuhi, viti saa tatu, na saa nne masufuria ya ubwabwa yalikuwa yanachemka. Chande aliketi kwenye mkeka wa wafiwa akipokea mikono. Watu walikuwa wanajua mkewe yuko hospitali anapumua, walimwacha huko wenyewe, lakini msiba una adabu zake. Mtu akishakaa kwenye mkeka analia tu. Mwanamke mmoja, aliyekuwa amevaa gauni lililoshonwa na Somoe mwenyewe, alimpa pole Chande kwa mikono miwili, kisha akamuuliza kwenye chai yake huwa anatia vijiko vingapi vya sukari.

Kwa wanawake, Bi Kidawa alipita mkeka kwa mkeka akasema neno moja: "Nikianza, anzeni. Nikinyamaza, nyamazeni. Asiniulize mtu." Maisha yake yote hakuwahi kutoa habari fupi namna ile, na wanawake wakajua jambo ni zito.

Saa sita akafika Bwana Tindwa na kompyuta ya kubeba, imefunikwa kitambaa. Akaangalia turubai, akaweka alama. Akafunua sufuria, akaonja, akaweka alama. Akahesabu waombolezaji: tisini na saba.

"Msiba haujatimia," akasema.

Ikabidi Mzee Likwata akasimame barabarani. Walikuwa wanapita akina mama watatu wa mtaa wa pili, wamevaa sare ya njano, wanakwenda kumfunda bibi harusi kwenye kicheni pati. Wakaelezwa kwa kifupi, wakakaa, wakaanza kulia vizuri kuliko ndugu.

Wakati Bwana Tindwa anasafisha koo, ving'ora vikasikika, na Mheshimiwa Waziri Mapembe akashuka kwenye gari. Waziri wa nchi ile hapitwi na msiba, hasa wenye ubwabwa. Daktari Nyanzala, aliyekuwa amesimama karibu na jiko na sahani mkononi ili aonekane mwombolezaji, akaangalia saa. Sita na nusu.

Mheshimiwa akakataa kiti.

"Ndugu wafiwa," akasema, "marehemu huyu ni mfano wa kuigwa na kila mpenda nchi. Ameishi chini ya Sheria ya Kusitiri Mwili, na amekufa chini yake, bila kujua lolote. Tangu sheria hii ipite, hakuna hata mgonjwa mmoja katika nchi hii aliyelalamika kwamba daktari wake anamfahamu. Mataifa makubwa yanatuuliza tunafanyaje. Hatuwaambii. Juzi nilitembelea hospitali moja nikamuuliza mgonjwa, mama, unaumwa nini? Akanijibu, Mheshimiwa, sijui. Nikalia. Nikasema, Mungu wangu, kumbe inawezekana."

Ikafika saa saba. Ikapita. Akaingia kwenye historia ya vitambaa. Daktari akamtazama Mzee Likwata, Mzee Likwata akamtazama mpishi, na mpishi, aliyekuwa mtu mzima na mwenye kujua kazi yake, akafunua sufuria la nyama upande ule upepo unakotoka. Sentensi ya Mheshimiwa ikakatika katikati. Akamtakia marehemu pumziko jema na kuuliza wanaanzia wapi kupakua.

"Kwanza faili," akasema Bwana Tindwa, maana kwenye sheria hakuwa anamwogopa mtu. Akafunua kitambaa, akakikunja mara nne.

"Ukurasa wa kwanza. Mgonjwa aliletwa akiwa na miaka mitano. Surua. Aliletwa tena. Jino la gego, liling'olewa."

"Si lile alisema limevunjwa na muwa?" mtu akanong'ona.

"Muwa wapi. Peremende."

Bwana Tindwa akalamba kidole gumba.

"Ukurasa wa pili. Mgonjwa alifika usiku wa arusi ya binti wa mjumbe wa Magengeni akilalamika presha. Alipimwa. Hakuwa na presha. Alikuwa amevimbiwa."

Kicheko kikaanza nyuma, kikazimwa kwa adabu ya msiba, kikatokea puani. "Pilau yangu ilikuwa na kosa gani?" akauliza Mzee Likwata taratibu, bila kumwelekea mtu. Bwana Tindwa alisoma mengine madogo ya kikohozi na jicho, kisha akainua mkono wa kulia.

Akalamba kidole gumba.

"Ukurasa wa ta..."

Bi Kidawa akaanza.

Wapo watu wanaolia, na wapo wanaojua kulia. Ile sauti haikupanda, ilitokea juu kwa juu. Akapiga mikono kichwani, akasema Somoe mwanangu, Somoe wa nyumba ya sita, nani atanipimia kiuno bila kunicheka, na kabla hajafika mwisho, mikeka yote ilikuwa imempokea. Wanawake sitini. Kisha wanaume wakaingia, maana mwanamume hawezi kukaa mkavu katikati ya kilio kama kile akaeleweka. Wapishi wakalia wakigonga miiko kwenye masufuria. Wale watatu wa njano wakamwangukia Chande, huyu bega hili, huyu bega lile, wa tatu kichwani, na sauti zao zikamwingia masikioni mwote. Mheshimiwa Waziri akadhani ni hotuba yake imewaingia. Akaona kamera ya watu wa habari aliokuja nao, akatoa leso, akalia kwa niaba ya serikali.

Bwana Tindwa hakusimama. Sheria ilimkataza kusimama na ilimkataza kurudia. Midomo yake ilikwenda, mishipa ya shingo ikamtoka, kipaza sauti kikakoroma kama gari bovu, na hakuna alichokisikia mtu. Bi Kidawa alikuwa mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwenye kile kipaza sauti. Alilia kwa koo, kifua na mikono, lakini macho yake yalikuwa makavu kama mawe, yametua kwenye kidole gumba cha Bwana Tindwa na hayabanduki.

Kidole kikapanda. Kikagusa ulimi.

Bi Kidawa akanyamaza kama bomba lililofungwa. Mikeka ikanyamaza. Hata ubwabwa ulisikika.

"Ukurasa wa nne," akasema Bwana Tindwa, sauti imekwaruza. "Mgonjwa alipoteza fahamu, moyo ukasimama kwa dakika moja na nusu. Asichomwe tena dawa hii maishani mwake." Na akaitaja dawa, herufi kwa herufi, kama ilivyoandikwa.

"Ya buluu," akasema Daktari Nyanzala pale jikoni. "Ndiyo niliyoiacha mezani, tayari imevutwa kwenye sindano."

Akamkabidhi Mheshimiwa Waziri sahani ya ubwabwa, akavua viatu vyake vya visigino, akakimbia. Ilikuwa saa nane na robo.

*

Somoe alipasuliwa kwa ile nyekundu, na utumbo ukanyooshwa.

Wizara ilitoa taarifa siku ya pili. Ilisema nchi imevunja rekodi: faili ya mgonjwa imefunguliwa ndani ya siku moja, na mgonjwa kufa hakukuathiri matibabu yake kwa namna yoyote. Ila ilisikitika kwamba katika waombolezaji mia moja hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza yaliyokuwa kwenye ukurasa wa tatu, jambo linalofungua mlango kwa imani za uchawi. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kilio. Tume ikapendekeza kwamba kuanzia sasa waombolezaji walie kwa zamu, baada ya kusomwa faili, na kwa kibali.

Kuhusu marehemu, alielezwa kwamba anaweza kuomba kurudishwa kwenye daftari la walio hai kwa kujaza fomu na kuambatisha idhini ya maandishi ya marehemu. Somoe aliitazama fomu ile, akaikata, akaitumia kupimia kola. Kazi zilikuwa zimeongezeka. Watu walitoka mitaa ya mbali kutaka nguo iliyoshonwa na mtu aliyekwisha kufa.

Baraza ya Bi Kidawa nayo haikuwa na pa kukanyaga. Wiki nzima watu walikuja na vikombe vyao.

"Dada, wewe ulikuwa mbele kabisa."

"Nilikuwa nalia."

"Hata neno moja?"

"Ukilia vizuri husikii."

"Bi Kidawa, sisi si watu wa nje."

"Nimeshasema. Ukilia vizuri husikii. Wewe uliyesikia wenzako wakipumua, rudi kajifunze kulia."

Wakaondoka wakinung'unika. Wengine walisema Bi Kidawa amezeeka. Wengine walisema anaumwa, lakini nini, ndiyo hivyo tena, haikuwezekana kujua.

Siku ya nane, asubuhi, alimpelekea Somoe uji. Chande alikuwa kazini. Somoe alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, mkono mmoja umeshika kidonda. Bi Kidawa akammiminia uji, akaupuliza, akamkabidhi, akakaa.

"Nasikia ulilia sana," akasema Somoe.

"Sana."

"Mpaka mwisho wa ukurasa?"

"Mpaka kidole."

Somoe akashika bakuli bila kunywa. "Bila kupumzika?"

Bi Kidawa akatazama mlango, akatazama cherehani, akatazama gauni la bibi harusi lililokuwa bado limeshonwa mahali pasipotakiwa.

"Binadamu lazima avute pumzi," akasema. "Nilivuta mara moja."

Mkono wa Somoe ukatulia juu ya kidonda. "Ukasikia?"

Bi Kidawa akaivuta stuli karibu, akachukua kijiko kwenye bakuli, akakoroga taratibu mpaka utando wa juu ukazama.

"Nimesikia uji unapoa," akasema. "Kunywa, mwanangu."